Kisanduku cha Hayupo

Usiku wa jana, kabla sijageukia hata ubavu wa pili, niliota cherehani yangu inashona peke yake. Sikushangaa. Nilijua tu kwamba imechoka kunisubiri.

Ilikuwa asubuhi, saa mbili na dakika kumi, sebuleni kwetu hapa Voi. Jua limeshaingia, chai iko mezani. Kanyagio linapanda na kushuka bila mguu wa mtu, na upande wa pili kinatoka kitambaa cheupe chenye maandishi ya uzi mwekundu. Nikakivuta, nikasoma.

"Mzazi mpendwa. Mwanao MGHOI MWANDOE, Gredi ya Sita, atafutwa leo saa tatu kamili asubuhi kwa sababu ya kutokuwepo. Ujumbe huu umetoka kwenye mfumo wa shule. Usijibu."

"Anafutwa vipi?" nikauliza.

"Umeambiwa usijibu," cherehani ikasema.

"Sijibu. Nauliza."

"Kuuliza ni kujibu kwa mlango wa nyuma."

Ikakata uzi. Miaka kumi na minne tumefanya kazi pamoja na sikujua kwamba ina jeuri namna hiyo.

Nikageuka. Mghoi, binti yangu wa miaka kumi na mmoja, amekaa mezani anamega mahamri. Kiwiko chake cha kushoto hakipo. Bega lipo, mkono upo, katikati pana hewa, na kupitia kwenye hewa hiyo naiona chupa ya chai.

"Panauma?" nikamuuliza.

"Hapaumi, Baba. Ila siwezi kuegemea meza."

Hapa inabidi niseme mambo ambayo si ya ndotoni. Mghoi ana pumu. Njia ya kwenda shule inapitiwa na malori ya kokoto, na vumbi lake ni jekundu mpaka kwenye meno. Mwaka juzi alilazwa mara nne. Mama yake, ambaye ni muuguzi Mombasa na huja nyumbani mwisho wa wiki, akasema basi, mtoto asomee nyumbani, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani ninayeshinda nyumbani, mwalimu ni mimi. Lakini mtoto hawezi kufanya mtihani wa taifa bila kuwa na shule. Shule ya jirani ikakubali kumwandikisha na ikanipa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wake wa mtandaoni. Humo nachukua masomo ya wiki, napeleka kazi zake zilizosahihishwa, na kila asubuhi kabla ya saa tatu najaza mahudhurio.

Visanduku vya mahudhurio ni viwili tu. Yupo na Hayupo.

Wiki ya kwanza niliweka Yupo siku zote tano, maana mtoto alikuwepo, nilikuwa namwona. Ijumaa akanipigia simu Mama Samba, mpishi wa shule. "Mwalimu," akasema, "mimi napika kwa hesabu ya huo mfumo wenu. Wiki nzima nimempimia mtoto wako mahindi na maharagwe na sijamwona hata kwa dawa. Chakula kinabaki, na anayeulizwa ni mimi." Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Mla cha mwenzie na chake huliwa, na mimi nimelelewa nisile cha mtu. Jumatatu iliyofuata nikaanza kuweka Hayupo. Kila asubuhi, kwa moyo mweupe kabisa. Siku mia moja themanini na sita.

Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anayezihesabu.

Sasa, ndotoni, nafungua mlango wa jikoni nikachukue simu, natokea kwenye geti la shule. Ni kilomita mbili na sikuzitembea. Mlango ulikuwa na haraka kunishinda.

Getini analinda Kiduara, yule anayezunguka kwenye simu mtandao ukiwa dhaifu. Amevaa sare ya askari na viatu vya buti. Anazunguka hapo hapo bila kupumzika, na ardhi imechimbika, yumo shimoni mpaka magotini.

"Habari za asubuhi, afande."

"Subiri."

"Nasubiri nini?"

"Sijui. Nikijua nitasimama."

"Mwanangu anafutwa saa tatu."

"Basi subiri mpaka saa tatu na dakika moja," akasema, akipita mbele yangu kwa mara ya sita. "Hapo huwa pana nafasi nzuri."

Nimezoea kumvumilia. Nyumbani humvumilia nikiwa nimesimama juu ya kigoda dirishani, simu juu kama mtu anayeomba mvua. Leo sina subira hiyo. Akipita mara ya saba namshika mkanda.

Akasimama. Vitu vyote vikasimama naye. Kunguru aliyekuwa anavuka uwanja akabaki hewani na mabawa wazi, na vumbi la lori likaganda barabarani. Geti likafunguka.

"Umeniharibia," Kiduara akasema, na nikaona machozi. "Nilikuwa nimefika asilimia tisini na tisa."

Sikuwa na muda wa kumbembeleza. Ndani ya geti, kwenye benchi la wageni, amekaa mama mfupi mwenye herufi kubwa kichwani kama kilemba, tarakimu nne mgongoni kama mchezaji wa mpira, na alama ya kuuliza mkononi badala ya mwavuli. Nilimtambua mara moja. Alikuwa Neno langu la Siri.

"Shikamoo, mama."

"Usiniamkie. Umeniandika nyuma ya kalenda kwa kalamu ya buluu. Wateja wako wananisoma wakisubiri kupimwa suruali."

"Nilisahau kila siku, mama. Nikaona nikuandike."

"Ukisahau, unaomba upya. Hunianiki." Akanikazia macho. "Haya, ninong'oneze. Una nafasi tatu."

Nikainama, nikanong'ona. Nilikuwa nimemtunga kwa jina la Mghoi na mwaka aliozaliwa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Wazazi wote ni hivyo hivyo. Mnanibandika jina la mtoto, halafu mnasema mimi ni siri. Mji mzima hakuna asiyejua jina la mtoto wako." Akanisogelea. "Lakini jina hilo linafutwa saa tatu. Likishafutwa, wewe utaingia kwa jina gani?"

Hapo ndipo hofu ilinishika kwelikweli. Mpaka wakati huo nilikuwa na hasira tu, na hasira huwa inanisaidia kutembea. Nikaelewa kwamba saa tatu ikifika sitaweza hata kurudi kulalamika, kwa sababu kila mlango wa mfumo ule nimeufunga kwa jina la mtoto mwenyewe.

"Saa ngapi sasa?" nikamuuliza.

"Mbili na nusu. Pita."

Napita. Mbele yangu pana jengo la ghorofa tatu, na kila ghorofa ina madirisha matatu. Shule ile haina ghorofa hata moja. Juu ya mlango pameandikwa: THIBITISHA KUWA WEWE SI MASHINE. GUSA MADIRISHA YOTE YENYE MTOTO WAKO.

Dirisha la kwanza Mghoi anasoma, kidole chini ya mstari. Nagusa. La pili anakohoa, kipuliza chake cha pumu mkononi. Nagusa. La tatu ni msichana mwingine aliyevaa sare ileile, amepigwa na jua. Siligusi. La nne amelala kifudifudi juu ya daftari la hesabu, kama anavyofanya sehemu zikimshinda. La tano yumo. La saba yumo, amenuna. La nane ni mwalimu mkuu wa shule anakunywa uji, na akaniinulia kikombe.

Nikarudi kwenye la sita. Pembeni kabisa, kwenye kona ya chini, panaonekana kisigino. Kisigino tu, ndani ya soksi nyeupe.

Nikasimama hapo na jasho likinitoka. Mtoto mwenyewe yumo dirisha la tano. Kisigino ndicho kimevuka mpaka. Je, kisigino ni mtoto, au ni mabaki ya mtoto wa dirisha la jirani? Nikikosea nitaambiwa nianze upya na madirisha mengine tisa, na muda hauko. Nikikiacha, kisigino kitabaki humo.

Nikainama karibu. Soksi ilikuwa na kiraka, na mshono wa kiraka ulikuwa wangu. Mshono wangu naujua hata gizani. Nikagusa.

Likabaki la tisa. Humo mna kiti kitupu, meza, na daftari lililofunguliwa. Hakuna mtu. Nikagusa.

"Hapa hamna mtoto," dirisha likasema.

"Hapo ndipo anapokaa."

"Nimesema hamna."

"Na mimi nimesema ndipo anapokaa. Hata akienda kuchota maji, kiti hicho hakikaliwi na mtu."

Dirisha likafikiri. "Mashine isingechagua kiti kitupu," likasema mwishowe, na mlango ukafunguka.

Ndani ni ofisi ya walimu. Pana meza moja, rejista kubwa iliyofunguliwa, saa ya ukutani inayosema saa mbili na dakika arubaini, na nyuma ya meza nimekaa mimi.

Nieleze. Mfumo haukubali mzazi na mwalimu wawe mtu mmoja. Kwa hiyo siku ya kwanza nilijisajili mara mbili, kwa laini zangu mbili za simu. Laini ya kwanza ni Mzazi. Laini ya pili ni Mwalimu, na ndiyo iliyokuwa imekaa hapo, imenyoa ndevu, imevaa tai ambayo sina.

"Karibu, Mzazi. Keti."

"Mwandoe, usinifanyie hivyo. Ni mimi."

"Ningekufahamu kama ungekuja kwenye mkutano wa wazazi."

"Mkutano ulikuwa wa mimi na wewe tu!"

"Ndiyo maana ilionekana kwamba hukuja."

Nikakaa. Kiti kilikuwa cha mtoto, magoti yangu yakafika kidevuni. Kutoka hapo chini nikamwona vizuri yule mwenzangu. Alikuwa amechoka. Chini ya macho alikuwa na vifuko vilevile nilivyonavyo, na vidole vyake vimejaa matundu ya sindano.

"Mwalimu," nikasema, kwa heshima sasa, "naomba uweke Yupo leo. Basi. Tiki moja."

"Hawezi kuwepo leo." Akanigeuzia rejista. Jina la Mghoi, na baada yake safu ndefu ya Hayupo, Hayupo, Hayupo, mpaka kurasa sita mbele. "Mtoto hatokei ghafla siku ya mia moja themanini na saba. Mfumo utamkataa. Utasema ni mzuka. Na kisanduku cha leo nikikiacha wazi, saa tatu mfumo unakijaza wenyewe Hayupo, kama cha jana. Akishafikisha mia moja themanini na saba, anafutwa. Kanuni ndiyo hiyo."

"Nani ameweka hizi Hayupo?"

"Mimi. Kwa maagizo ya mzazi."

"Na mzazi aliagizwa na nani?"

"Na haya," Mwalimu akasema. "Ulimwonea haya Mama Samba kwa kikombe cha maharagwe. Mtoto hukumwonea haya."

Nilitaka kumpiga. Lakini ukimpiga mtu wa laini yako mwenyewe utaumia mara mbili, na hata hivyo alikuwa amesema kweli. Mtoto amekaa mbele yangu mwaka mzima, daftari wazi, penseli imechongwa, na kila asubuhi nimemwandika hayupo.

"Unadhani sitaki kumsaidia?" Mwalimu akasema taratibu. "Kiwiko nilianza kukikosa muhula wa pili. Nilidhani ni mkao mbaya. Nilimwambia akae wima."

Mlango ukasukumwa. Mghoi aliingia. Amenifuata. Kuanzia magotini kushuka chini hana kitu, anakuja hivyo hivyo kwa kimo chake cha kawaida, na kifua chake kinapiga mluzi. Begani pia pameanza kupauka.

"Baba, nimechoka kutembea bila miguu."

"Njoo ukae, mwanangu."

"Nitakalia nini?"

Sote wawili, Mzazi na Mwalimu, tukasimama kumpa kiti. Saa ukutani ikasema kasorobo.

"Unataka ushahidi?" nikamwambia Mwalimu. "Nikuletee ushahidi gani?"

"Wa kuitika. Mtoto akiitwa, akaitika, yupo. Hakuna ushahidi mwingine tangu shule ianze duniani."

"Lakini anaitika! Kila siku anaitika!"

"Najua. Nami husikia. Lakini hapa sauti zake hazikufika." Akashusha sauti, kama mtu anayemsema mkubwa wake. "Mahudhurio yanasomwa na jikoni. Nenda jikoni."

Hatukwenda, ofisi ilikuwa tayari jikoni. Moshi, kuni, na sufuria ya shule juu ya mafiga, kubwa kama chumba cha kulala, mfuniko wake umewekewa jiwe. Meza ya Mwalimu na rejista yake vimekaa kando ya rundo la kuni, naye anafuta macho kwa ncha ya tai.

"Umeleta sahani?" Sufuria ikauliza. Ilikuwa na sauti nzito ya mtu aliyeamka kabla ya wengine.

"Sikuja kula. Nimefuata kitu cha mwanangu."

"Mwanao nani?"

"Mghoi Mwandoe."

"Aaa. Asiyekuwepo." Ikachemka kidogo, ikitafakari. "Mimi simpikii asiyekuwepo. Lakini vilevile situpi. Kila asubuhi, saa mbili unusu, kilikuwa kinakuja kitu kutoka kwenu. Cha moto moto. Naangalia orodha, hakina sahani. Ningefanyaje? Nikakifunika."

Nilijua ni nini kabla haijamaliza. Nyumbani kila asubuhi naita jina, kama shuleni, ingawa darasa zima ni mtoto mmoja. Nilitaka azoee. Nasimama kando ya cherehani, naita, "Mghoi Mwandoe!" Naye anasimama, mikono ubavuni, anaitika, "Nipo, Mwalimu!" Halafu nachukua simu, nagusa Hayupo, tunaanza somo.

Naondoa jiwe. Mfuniko ni wa moto, navua shati nashikia. Ndani hamna mahindi wala maharagwe. Kuna mvuke tu, na ndani ya mvuke, minong'ono.

"Hazitoki mpaka uite," Sufuria ikasema. "Moja moja. Ukiita mbili pamoja zinakwama mdomoni."

Mwalimu akalowesha penseli ulimini. Saa ikasema saa tatu kasoro dakika kumi na moja.

"Mghoi Mwandoe!"

"Nipo, Mwalimu!" ikatoka sufuriani, na ikapita karibu na sikio langu, ina joto. Ilikuwa ya siku ya kwanza kabisa ya Hayupo, ile ya sauti ya juu, alipokuwa bado anaona shule ya nyumbani ni mchezo. Mwalimu akafuta, akaandika Yupo.

"Mghoi Mwandoe!"

"Nipo, Mwalimu."

Naita. Naita bila kuvuta pumzi. Zinatoka zote, na zote nazifahamu. Nipo ya mdomo uliojaa hamri. Nipo ya kununa, siku niliyomnyima kwenda kwenye harusi ya binamu yake. Nipo yenye mluzi wa kifua, wiki ile ya upepo. Nipo ya Jumatatu, mama yake akiwa ameshapanda gari kurudi Mombasa, ndogo sana, karibu nisiipate. Nyingine ilianza kwa kicheko na sikumbuki tulicheka nini, na iliniuma kutokumbuka. Ningependa kusimama niulize, lakini ni saa tatu kasoro dakika saba na rejista ina kurasa nne bado.

"Mghoi Mwandoe! Mghoi Mwandoe!"

"Moja moja!" Sufuria ikafoka.

Penseli ya Mwalimu ikavunjika. Akamalizia kwa chaki ya kupimia nguo aliyoitoa mfukoni mwangu. Kiwiko kilirudi kwenye sitini. Kwenye tisini nikaona magoti, kwenye mia na ishirini viatu, vimefungwa kamba vizuri. Kasoro dakika tatu. Sauti yangu inakwaruza. Nje, mtu ameshaenda kusimama chini ya mti wenye ringi ya gari ambayo ndiyo kengele ya shule, nondo mkononi, ameangalia saa yake.

"Mia moja themanini na tano," Mwalimu akasema. "Moja tena."

"Mghoi Mwandoe!"

"Nipo, Mwalimu."

Hiyo ilikuwa ya jana. Sufuria ikabaki tupu, kavu, inang'aa chini. Mghoi amesimama kamili mbele yetu, kuanzia nywele mpaka kiraka cha soksi. Nikamkumbatia Mwalimu, naye, kwa aibu kidogo, akanikumbatia.

"Bado," akasema begani mwangu. "Hizo ni za nyuma. Imebaki ya leo. Dakika moja."

Nikageuka. Nikasimama wima, kama ninavyosimama kando ya cherehani.

"Mghoi Mwandoe!"

Mghoi akaweka mikono ubavuni. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Nikaona shingo yake inakaza, midomo inatengeneza neno, meno, ulimi, kila kitu mahali pake, na hakuna sauti. Akaniangalia kwa mshangao. Nikaelewa. Zote mia moja themanini na sita zilikuwa sauti yake, na tumezitumia.

"Hakuitika," Mwalimu akasema, chaki ikiwa juu ya kisanduku. "Siwezi kuandika asipoitika."

"Anaitika! Mwangalie!"

"Kanuni inasema isikike."

Nje, yule mtu akainua nondo. Nikapiga magoti, nikaweka sikio langu karibu na mdomo wa mwanangu, karibu kabisa, nikaita tena, na nondo ikapiga ringi.

Niliamka nimekaa kitandani, shati sina. Jua lilikuwa limeingia. Saa mbili na dakika tano.

Sikunawa uso. Nilitoka mpaka sebuleni. Mghoi alikuwa amekwisha kukaa mezani na daftari lake, chai mbele yake, na viwiko vyote viwili juu ya meza, kitu ninachomkataza kila siku. Sikumkataza. Nilipanda kigoda, nikainua simu dirishani. Mfumo ulifunguka bila kuzunguka hata mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tusajiliwe, nami sikulipenda.

Nikasimama kando ya cherehani.

"Mghoi Mwandoe!"

Akasimama, mikono ubavuni. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Akashika koo, akameza mate kwa shida, akajaribu tena, na safari hii ikatoka, kavu, nyembamba, imekwaruzika kabisa.

"Nipo, Mwalimu."

"Kifua kimebana?" Nilikuwa nimeshamfikia, sikio mgongoni mwake. Kifua kilikuwa safi. Kilikuwa kinapumua vizuri kuliko changu.

"Si kifua, Baba. Ni sauti tu." Alisema kwa kunong'ona. "Nimeamka imekwisha. Kama mtu aliyepiga kelele siku nzima. Na mimi nililala tu."

Nilichukua simu, nikatafuta jina lake, nikatia tiki. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, anatazama, na hapo ndipo nilipojua kwamba huwa anatazama kila siku.

"Baba, umekosea," akaninong'oneza. "Sisi huwa tunaweka hapo pembeni."

"Sijakosea," nikamwambia. "Mama Samba nitampigia mwenyewe."